Unga wa Baton Rouge

Tarehe 25 Mei 1942, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Baton Rouge, jimbo la Louisiana nchini Marekani, uliwashwa mtambo ulioitwa PCLA namba 1. Herufi hizo zilifupisha maneno yenye maana ya kichocheo cha unga, Louisiana. Jina hilo linastahili kutazamwa upya, kwa sababu simulizi nyingi za mtambo huo zimesifu urefu wa minara yake, ustadi wa vali zake, akili za wahandisi wake na haraka ya vita, na unga wenyewe umeachwa nyuma kama mzigo uliokuwa ukibebwa tu. Ninaamini mpangilio huo umepinduka. Historia ya mabomba yanayopandisha chembe kwa nguvu ya gesi ni kwanza historia ya chembe zenyewe: ukubwa wake, densiti yake, umbo lake, na jinsi zinavyong’ang’aniana. Bomba lilifanya kazi pale punje ilipokubali. Punje ilipokataa, ufundi wa chuma ulipatwa na taabu ya miaka. Kilichochelewesha watu kuliona jambo hilo ni bahati, kwa kuwa punje ya kwanza kutumika ilifaa bila mtu yeyote kukusudia ifae.

Tuanze na haja yenyewe. Mafuta ghafi yakichemshwa na kutenganishwa kwa joto peke yake, sehemu kubwa hubaki kuwa mafuta mazito yasiyofaa injini za magari wala ndege. Mombasa wanalijua hili kwa vitendo. Kiwanda cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013, hakikuwa na mtambo wa kuvunja molekuli nzito, hivyo fungu kubwa la kila pipa lilitoka likiwa mafuta mazito ya kuchoma. Kuvunja molekuli hizo kwa kichocheo kulianza kibiashara katika miaka ya 1930 kwa juhudi za Mfaransa Eugène Houdry, aliyehamia Marekani na kuona mtambo wake mkubwa ukianza kazi Marcus Hook, Pennsylvania, mwaka 1937. Kichocheo cha Houdry kilikaa palepale ndani ya chombo. Baada ya dakika kumi hivi kilikuwa kimefunikwa na masizi ya kaboni. Mvuke wa mafuta ulikatwa, hewa ikaingizwa kuyachoma masizi, kisha mzunguko ukaanza tena. Vali zilifunguka na kufunga usiku na mchana kwa saa maalumu, na ufundi wake ulikuwa ghali. Kila aliyeutazama aliwaza jambo moja: laiti kichocheo chenyewe kingetembea, kitoke kwenye mafuta kiende kwenye hewa na kurudi, pasiwe na haja ya kusimamisha chochote.

Wazo la kukitembeza kikiwa unga lilitokana na udongo uliotupwa. Huko Sarnia, Kanada, R. K. Stratford wa Imperial Oil alitambua kwamba udongo laini uliokwisha kutumika kusafishia mafuta ya kulainisha mashine ulikuwa na uwezo wa kuvunja molekuli za mafuta mazito. Mwaka 1938 kampuni kadhaa kubwa ziliunda ushirika wa utafiti, Catalytic Research Associates, zikitafuta njia isiyonaswa na hataza za Houdry. Ndani ya Standard Oil ya New Jersey watu wanne, Donald Campbell, Homer Martin, Eger Murphree na Charles Tyson, walibuni namna ya kuzungusha unga huo na kuomba hataza mwaka 1940, wakaipata mwaka 1948. Lakini majaribio ya mwanzo yaliusukuma unga kwa skrubu kubwa ndani ya mabomba, na unga ule ulizisaga skrubu kama msasa. Swali la namna gesi na unga vinavyopanda pamoja ndani ya bomba lilipelekwa Massachusetts Institute of Technology, kwa Warren K. Lewis na Edwin Gilliland.

Hapo ndipo sayansi ilipokutana na jambo lisilotarajiwa. Anayepeta mchele kwenye ungo anafuata kanuni moja bila kuiandika: kila kitu hupeperuka kwa uzito na upana wake, pumba hutangulia, chenga hufuata, mchele hubaki. Kanuni ya George Stokes, ya karne ya 19, huipa hesabu hali hiyo kwa punje ndogo. Punje ya kichocheo yenye kipenyo cha maikromita 60, ikidondoka peke yake katika hewa tulivu, hushuka kwa kasi ya sentimita 15 hivi kwa sekunde. Kwa mantiki ya ungo, hewa ipandayo kwa kasi kubwa kuliko hiyo ingeufagia unga wote na kuliacha bomba tupu. Lewis, Gilliland na wanafunzi wao waliona kinyume chake. Hewa ilipita kwa kasi iliyozidi kabisa ile ya punje moja, na unga ukaendelea kuwa mzito ndani ya bomba, ukitokota kama maji jikoni. Punje zikiwa nyingi zilikuwa na tabia ambayo punje moja haikuwa nayo. Ugunduzi huu ndio msingi wa yote yaliyofuata, na ni ugunduzi kuhusu unga. Bomba lilikuwa la kawaida kabisa.

Kilichofuata kinaonyesha hivyo kwa uwazi zaidi. Skrubu zilitupwa, mahali pake pakawekwa bomba refu la wima lililojaa unga uliotiwa hewa kidogo, bomba la kushukia. Unga uliobeba hewa ndani yake hutenda kama kimiminika: kadiri nguzo yake inavyokuwa ndefu ndivyo shinikizo la chini linavyoongezeka, kama maji ya tangi lililoinuliwa juu ya nyumba. Shinikizo hilo ndilo lililousukuma unga kupita vali na kuingia bomba la kupandia, ambako mvuke wa mafuta uliunyanyua. Mzunguko mzima, ambao siku hizi hupitisha makumi ya tani za kichocheo kila dakika katika mtambo mmoja, hauna pampu hata moja ya kusukuma unga. Pampu ni densiti ya unga wenyewe. Lakini ujanja huu unadai sharti gumu: punje lazima ziishikilie hewa wakati zinashuka. Mchanga wa kawaida hauwezi kuishikilia vizuri. Mara tu hewa inapopungua, mchanga hujikaza, hukwama, kisha huporomoka kwa vishindo. Unga wa Baton Rouge uliishikilia hewa yake kwa muda wa kutosha kufika chini, na hakuna aliyekuwa amechagua sifa hiyo kwa kipimo.

Kichocheo hicho cha kwanza kilikuwa udongo uliotibiwa kwa asidi na kusagwa. Mashine ya kusaga haitoi punje za saizi moja. Hutoa mchanganyiko mpana, kuanzia chembe za maikromita mia na zaidi hadi vumbi laini, na vumbi hilo ndilo lililokuwa likilainisha mwendo wa zile kubwa na kuizuia hewa isitoroke haraka. Kwa macho ya mwenye kiwanda vumbi lilikuwa hasara tu, kwa sababu lilipenya saikloni za kutenganishia unga na gesi na kupotelea angani. Punje za kusagwa zilikuwa pia na kona kali zilizokula mabomba na kuvunjika zenyewe. Baadaye katika miaka ya 1940 watengenezaji walianza kunyunyizia tope la kichocheo ndani ya hewa moto, kila tone likikauka na kuwa kijiduara. Upotevu ulipungua, na uchakavu wa mabomba pia. Pamoja na hayo ilijifunzwa polepole, zamu kwa zamu, kwamba saikloni zikiwa na hitilafu na sehemu laini ikatoroka, mzunguko huanza kugugumia: bomba la kushukia hutetemeka, shinikizo hupanda na kushuka, na dawa huwa ni kuongeza vumbi lilelile.

Bahati hiyo iliwafundisha watu somo baya, kwamba unga wowote ungefaa. Mfano wa awali ungetosha kuwaonya. Huko Ujerumani Fritz Winkler wa BASF alikuwa amechemsha makaa ya mawe kwa gesi tangu 1921, na kufikia 1926 mtambo mkubwa wa namna yake ulikuwa unatoa gesi huko Leuna. Makaa yake yalikuwa ya saizi zote, na sehemu kubwa ya kaboni ilitoka juu ikiwa vumbi ambalo halijaungua. Onyo lililogharimu zaidi lilikuja Brownsville, Texas, ambako mtambo wa Hydrocol ulianza mwaka 1950 kutengeneza petroli kutokana na gesi asilia. Kichocheo chake kilikuwa oksidi ya chuma iliyosagwa, nzito kuliko udongo mara kadhaa. Katika bomba jembamba la majaribio matokeo yalikuwa mazuri. Katika chombo kipana cha kiwanda kiasi cha gesi kilichogeuzwa kilianguka vibaya, na kabla ya muongo kwisha mradi ulikuwa umefungwa. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu ni haya: punje nzito huachia gesi ikusanyike kuwa mapovu, na mapovu hayo hukua kadiri chombo kinavyopanuka, yakipanda hadi juu bila kuugusa unga. Kuta za bomba jembamba ziliyabana mapovu na kuficha ila. Lawama iliangukia ukubwa wa chombo, ingawa udongo wa Louisiana ulikuwa umetoka kwenye jaribio dogo hadi kiwanda kikubwa bila balaa la namna hiyo.

Afrika Kusini iliendelea na chuma kilekile kwa njia nyingine. Mwaka 1955 kampuni ya Sasol ilianza uzalishaji huko Sasolburg kwa mabomba ya kupandia yaliyosanifiwa na M. W. Kellogg, na ilichukua miaka ya marekebisho kabla mitambo haijatulia. Hapa kisa cha punje kinafundisha kuliko popote, kwa sababu punje ilibadilika ikiwa kazini. Kadiri siku zilivyopita kaboni ilijijenga juu ya chuma na ndani yake, punje ikavimba, ikapasuka, densiti yake ikashuka. Bomba la kushukia lilitegemea uzito wa unga ili kushinda shinikizo la gesi upande wa pili. Unga ulipokuwa mwepesi, kinga hiyo ilipungua na hatari ya gesi kurudi nyuma kupitia njia ya kushukia ikaongezeka, kwa hiyo waendeshaji walilazimika kupunguza kiasi cha kichocheo ndani ya bomba la kupandia na hivyo kupunguza kazi ya mtambo. Hakuna vali iliyoharibika wala bomba lililobadilika kipenyo. Kilichobadilika kilikuwa densiti ya kitu kisichozidi unene wa unywele. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mabomba ya kupandia ya Secunda, kizazi cha pili cha teknolojia hiyo, yalibadilishwa kwa matandiko mapana, yaani vyombo ambamo unga hutokota palepale, yasiyozungusha chuma kabisa.

Mwaka 1973 Derek Geldart, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, aliandika makala fupi iliyoweka mpangilio katika mambo haya. Alichora mchoro mmoja: ukubwa wa punje upande mmoja, tofauti ya densiti kati ya punje na gesi upande mwingine, na ndani yake makundi manne aliyoyapa herufi. Kundi A ni punje ndogo na nyepesi, kama za kichocheo cha mafuta, ambazo tandiko lake huvimba vizuri kabla povu la kwanza halijatokea na ambazo gesi ikikatwa hushuka taratibu. Kundi B ni mchanga, ambao hutoa mapovu mara tu unapoanza kunyanyuka. Kundi C ni laini mno, kama unga wa ngano: nguvu ya kushikamana huzidi uzito, na gesi hutoboa njia zake na kuuacha unga umekaa. Kundi D ni punje kubwa, mfano wa buni na nafaka nzima. Kilichonivutia daima katika mchoro huu ni kwamba hauna chombo. Hakuna kipenyo cha bomba wala urefu wa mnara, na bado unatabiri sehemu kubwa ya yale ambayo viwanda vilijifunza kwa hasara katika miaka 30 iliyotangulia.

Hata hivyo kuna pingamizi zito. Mtu wa kemia atasema kwamba bomba la kupandia tunalolijua leo lilizaliwa na zeolaiti, aina mpya ya kichocheo cha fuwele. Ni kweli kwamba hadi miaka ya 1950 uvunjaji mwingi ulitendeka katika tandiko zito ndani ya chombo kipana, ambako mvuke ulikawia. Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya Mobil walipoleta vichocheo vya zeolaiti mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ya muda mrefu ikawezekana ndani ya sekunde chache. Tangu hapo uvunjaji ulihamia kwenye bomba, na chombo cha zamani kikabaki mahali pa kutenganishia unga na mvuke. Nalikubali hilo lote. Lakini fuwele za zeolaiti hizo zina ukubwa wa maikromita moja hivi au pungufu, na zikiachwa peke yake ni Kundi C lisilotembea: zingeganda katika bomba la kushukia na kupenya kila saikloni. Ili kemia hiyo mpya ifike ndani ya bomba, ilibidi ichanganywe na udongo na kifungashio, inyunyiziwe, ikaushwe, na iwe kijiduara cha maikromita 60 au 70, saizi ileile ambayo mitambo ilikuwa imezoea. Zeolaiti iliingia nyumbani mwa punje kwa masharti ya punje.

Mhandisi wa mabomba naye ana pingamizi lake. Atasema kwamba ndani ya bomba la kupandia, ambako mafuta yanayogeuka mvuke huongeza mwendo hadi mita 15 au 20 kwa sekunde kileleni, mkondo hubeba kila kitu na tofauti za punje hazina maana tena. Kwa vumbi jembamba linalosafirishwa katika gesi nyingi hoja hii ina ukweli. Uvunjaji wa mafuta hauwezi kuendeshwa hivyo: kila kilo ya mafuta huhitaji kilo tano au zaidi za kichocheo, kwa sababu kichocheo ndicho pia kinachobeba joto kutoka kwenye chombo cha kuchomea masizi. Unga lazima uwe mwingi, na unapokuwa mwingi haupandi punje mojamoja. Joseph Yerushalmi na wenzake wa City College ya New York walionyesha mwaka 1976 kwamba katika mwendo huo wa kasi unga hubaki nyuma ya gesi kwa tofauti kubwa mara nyingi kuliko kasi ya punje moja kudondoka. Punje huungana kuwa vishada, vishada husambaratika na kuungana tena. Vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha katikati ya bomba pakiwa na mkondo mwepesi unaopaa huku kando ya ukuta tabaka zito likiteremka. Nchini China, Kwauk Mooson na baadaye Li Jinghai walifanya vishada kuwa kiini cha nadharia yao, na sioni namna ya kuielewa picha hii bila hivyo.

Na vishada navyo hutegemea punje. Punje ya kichocheo cha mafuta, nyepesi na ndogo, hubaki nyuma karibu kabisa kwa sababu ya vishada. Ikiwa peke yake ingeifuata gesi bila kuachwa. Punje ya mchanga ya maikromita 200 hudondoka kwa zaidi ya mita moja kwa sekunde hata ikiwa pekee, kwa hiyo hubaki nyuma kwa uzito wake, hudai umbali mrefu zaidi kabla ya kupata kasi, na huacha chini ya bomba eneo zito lisilotaka kupanda. Tofauti hiyo inaonekana katika viwanda vilivyojengwa. Lurgi ya Ujerumani, chini ya uongozi wa kitaalamu wa Lothar Reh, ilitumia mzunguko wa namna hii kuchoma alumina huko Lünen mwaka 1970. Tanuri za kuchoma kuni na makaa, kama ile iliyoanza Pihlava, Finland, mwaka 1979, huzungusha mchanga na majivu. Tanuri hizo ni pana na fupi zikilinganishwa na mabomba ya mafuta, na sehemu ya mchanga kurudi chini kando ya ukuta ni faida kwao, kwa sababu husambaza joto kutoka juu hadi chini. Katika bomba la mafuta mwendo uleule ni hasara, kwa kuwa kichocheo kilichochoka huchanganyika na kilicho kipya na petroli iliyokwisha kupatikana huendelea kuvunjwa kuwa gesi. Wanaodhani saizi ndogo ni bora kila mara nao hukosea: chini ya maikromita 20 au 30 kushikamana hushinda, na sifa njema hugeuka kuwa ugonjwa.

Limebaki suala la vita. Petroli ya ndege ilihitajika haraka mwaka 1942, fedha za umma zilipatikana, na bila haraka hiyo mitambo isingeenea upesi hivyo. Vita, hata hivyo, vilimpa kila mshindani nafasi. Mitambo ya Thermofor, iliyoanza mwaka 1943, ilikuwa na wateja walewale na kemia iliyofanana, isipokuwa kichocheo chake kilikuwa vidonge vya milimita tatu au nne, vilivyopandishwa kwa ndoo za mnyororo na baadaye kwa hewa. Ni mara chache historia hutuwekea jaribio safi kama hili: vita vilevile, mafuta yaleyale, punje tofauti. Vidonge vilisuguana na kusagika, masizi yaliyojificha katikati yake yaliungua polepole kwa kuwa oksijeni ilichelewa kufika, na ndoo zilikuwa na mwisho wa kiasi zinachobeba. Mitambo ya unga ilipanuka hadi kufikia maelfu mengi ya mapipa zaidi kwa siku, ile ya vidonge ikaacha kujengwa.

Katika viwanda vinavyovunja mafuta leo, sampuli ya kichocheo kinachozunguka huchotwa mara kwa mara na kupelekwa maabara. Hupimwa metali zilizonata juu yake, kaboni iliyosalia na uwezo wake wa kuvunja molekuli. Pamoja na hayo huandikwa kila mara densiti yake, saizi ya wastani, na asilimia ya punje zilizo chini ya maikromita 40.